Kufuli la Baba Saidi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Newala hatujambo. Mama yako yuko shambani anaokota korosho.

Unauliza kama Marekani iingilie vita vya wengine au ikae kwake. Nimefungua shajara yangu ya ujana. Tuligombania na jirani kisima cha maji ya mvua. Watu walitazama tu, mpaka mdogo wangu akavunjwa mkono. Ndipo Baba Saidi, mzee wa kijiji chetu, akaja, akaamua ugomvi, akakifunga kisima kwa kufuli lake. Tukawa tunateka maji bondeni.

"Ufunguo lini, Baba Saidi?" mama aliuliza.

"Mkishapatana, Mama Hamisi."

"Tumepatana tangu Ijumaa!"

"Mimi sijaona."

Wanaotazama tu siwaamini mpaka leo. Na anayekuja kuamua, namtazama kwanza mkononi kama ana kufuli.

Babu yako, Hamisi