Lenana, Mdomo Ukiwa Umefungwa

Jumatatu, 6 Januari

"Mwanamke akishapita hamsini, mlima wake ni ngazi za kanisa." Ameandika hivyo Musyoka, mwenyekiti wetu wa wakazi hapa mtaa wa Umoja, kwenye kundi la WhatsApp, nami chai bado iko mkononi. Kosa langu ni kusema natamani kuupanda Mlima Kenya.

Uongo mtupu. Mama yangu alipita sitini akiparamia miinuko ya Murang'a na kuni mgongoni, na sikusikia mwanamume akimwambia apumzike. Uzee wa mwanamke huonekana tu siku anapopanda kwa raha zake.

Nimemjibu papo hapo. Mwezi wa pili nitasimama kwenye kilele chake cha Lenana. Nisipofika, sitafungua mdomo kwenye mkutano wa wakazi hadi Krismasi.

Nilikuwa na hasira. Sijawahi kupanda hata mlima mdogo wa Longonot.

Jumatano, 8 Januari

Naogopa. Nikinyamaza, nani atauliza habari za maji yanayokatika jengoni? Majirani hunipongeza kwenye ngazi, kisha mkutanoni wanatazama sakafu.

Nimeanza mazoezi. Gorofa tano, mara sita, mtungi wa lita kumi mgongoni. Mama Brayo wa gorofa ya tatu alinifungulia mlango na karai mkononi. Alidhani nauza maji.

Jumamosi, 11 Januari

Soko la mitumba la Gikomba. Nimepata buti za kupandia, ngozi nzito, zinang'aa. Muuzaji, mwanamke mwenye sauti ya honi, aliniambia: "Mathe, hizi utazikwa nazo." Nimezivaa nikipika, nikila, nikisahihisha insha za wanafunzi. Furaha ya kitoto. Sijali.

Jumamosi, 25 Januari

Longonot! Tulikuwa tisa, wapandaji wapya wote. Vumbi hadi kwenye meno. Nilipofika ukingoni na kuiona kreta, shimo zima la volkeno, chini yangu, nilicheka peke yangu kama aliyerogwa.

Kushuka, soli ya kulia ikabanduka. Ya kushoto ikafuata. Zilipukutika kama keki kavu. Soli iliyokaa miaka bila kuvaliwa huoza kwa ndani, kumbe. Nimesoma vitabu vitatu vya kupanda milima na sikukumbuka kukikunja kiatu kabla ya kukinunua. Nimefika chini miguu imefungwa kwa mkanda wa mkoba.

Mtu alipiga picha, akaiweka mtandaoni. Jioni Musyoka ameituma kwenye kundi: "Pole, Mwalimu. Wakazi, tujiandae kwa mikutano mitulivu."

Nyuso thelathini za kucheka. Nimezihesabu, mjinga mimi.

Jumatatu, 27 Januari

Fundi wa viatu wa Shauri Moyo ameshona soli mpya za tairi la lori. Sasa ni nzito na hazina urembo wowote. Anasema mlima ndio utakaoisha, si soli. Nampenda fundi huyu.

Jumanne, 18 Februari

Mlima Kenya, kambi ya kwanza. Kiongozi wetu ni Wairimu, wa Naro Moru, umri wa kitinda mimba wangu. Kwenye kundi la wapandaji yupo wakili anayeamini maskini ni wavivu. Nilibishana naye kutoka langoni hadi hapa. Nilimshinda. Kisha nikatapika.

Kichwa kinapasuka. Wairimu alinipa chai, akachuchumaa mbele yangu. "Mama, hizo pumzi unazobishania ndizo za kupandia. Ukiongea tena kesho nakurudisha."

Nimekasirika sana. Msichana amesema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 19 Februari

Nimenyamaza tangu asubuhi. Wakili amesema upuuzi kuhusu wachuuzi wa barabarani. Nimemeza. Ulikuwa mchungu kuliko kwinini.

Matope hadi magotini. Mimea ya lobelia mirefu kuliko watu. Hatua, pumzi, hatua. Kufikia saa nane kichwa kilikuwa kimetulia. Nimefundisha miaka ishirini na minane, nikifoka karibu kila siku, na leo ndiyo mara ya kwanza nasikia pumzi zangu mwenyewe. Zina nguvu. Sikujua.

Alhamisi, 20 Februari

Nimefika.

Jua lilichomoza tukiwa juu kabisa, mawingu yote chini yetu. Vidole vilikufa ganzi. Wairimu alinikumbatia, akaniambia, "Sasa sema, Mama." Sikuwa na neno. Mimi! Nililia, kisha nikacheka hadi nikakaa kwenye jiwe. Wakili naye alikuwa akilia. Nikampa kitambaa changu, bila kubishana.

Jumapili, 23 Februari

Mkutano baada ya ibada. Musyoka alianza kupiga makofi yeye mwenyewe, sharti nikiri. Akanipa nafasi. Nikasimama, na ile tabia ya mlimani ikanishika: nikavuta pumzi kwanza. Ikawa ndefu. Katika kimya hicho Mama Brayo alisema kwamba bomba la gorofa ya tatu halijatoa tone tangu mwezi uliopita. Musyoka alizoea kunijibu mimi. Safari hii alimsikiliza Mama Brayo hadi mwisho. Akafungua daftari, akaandika.

Nikakaa.

Miaka yote hii nimedhani niliwasemea majirani. Huenda niliwamalizia hewa.

Nyinyi wanawake wa jengo hili mnaonisifu kwenye ngazi: mkutano ujao sitaanza mimi. Simameni. Semeni la maji kwa vinywa vyenu wenyewe. Nitasubiri, hata kimya kikichukua saa nzima.