Mbeyu Anapopuliza

Jumatatu, 1 Machi 1948
Tumerudi kutoka hospitali ya kisiwani Mombasa, miguu yangu yawaka. Mbeyu wangu alivyowateka wale watu! Kamwamkia dresa wa kufunga vidonda, kamwamkia daktari, kauamkia na mzani — shikamoo mzani! Daktari kamgonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka, Mbeyu akataka tena. Mzungu akacheka. Akasema kwa Kiswahili chake cha kujikwaa kwamba mtoto huyu ni mzima kuliko yeye, na hawezi kutibu jambo asiloliona.
Nikamshika mtoto mkono, tukashika njia.
Kufika nyumbani Kisauni, bakuli la uji mbele yake: "Mama, mimi nataka —"
Kimya. Macho wazi, kope zapepesa, kijiko hewani, uji wamtiririkia kiganjani. Hanioni. Kisha: "— sukari."
Kama hakuna kilichopita! Hajui kwamba aliondoka. Mtoto wa miaka minne, na ndivyo alivyo tangu Krismasi.

Alhamisi, 4 Machi
Mavyaa, mamake mume wangu, asema ni nyuni, ndege wa degedege. Yule ndege alipita juu ya paa, kivuli kikamwangukia mtoto. Dawa iko kwao Kaloleni — kufukizwa kwa mavi ya ndovu. Na mtoto wa nyuni hachomwi sindano, akichomwa ndiyo basi tena!
Bi Barke wa jirani kadakia kutoka uani kwake: na huyo ndovu utampata wapi, Mama Gershom? Utamfuata nyuma na kikapu?
Mavyaa alicheka hata leso ikamtoka kichwani.
Mimi nilisoma misheni Freretown madarasa manne tu. Sijui. Lakini Gershom kasema twende hospitali mara moja zaidi. Daktari asipoona kitu, mtoto aende Kaloleni na bibi yake. Mume wangu ni mpole, ila akisema kasema.

Jumamosi, 6 Machi
Nimeona kitu!
Mbeyu hupenda kunipulizia moto. Leo kuni zilikuwa mbichi. Kapuliza, kapuliza, hata jasho likamtoka — akaondoka, kope zapepesa. Nikakumbuka: na jana ilikuwa papo hapo mekoni! Mavyaa asema ni moshi huo. Basi nikamtoa uani, pasipo moto wala moshi, nikamwekea manyoya ya kuku juu ya ungo. Haya mama, yapeperushe! Akapuliza huku acheka, akapuliza tena na tena, manyoya yakaruka hata kwa Bi Barke — akaondoka.
Si moto. Si moshi. Ni kule kupuliza!
Aliporudi nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba nambana.

Jumapili, 7 Machi
Kanisani sikusikia neno. Mama gani humwitia mwanawe maradhi kwa mkono wake mwenyewe? Sirudii tena, ila mbele ya daktari.
Nimemwambia Gershom. Akanitazama. Kisha akasema wewe ungesoma zaidi ungetutibu sote. Mchana kutwa nayamung'unya maneno hayo kama halua.

Jumatano, 10 Machi
Kesho twaenda. Mavyaa naye aja. Haji kwa ajili ya daktari, asema, aja kuilinda mikono ya mjukuu wake na sindano.

Alhamisi, 11 Machi
Naandika papa hapa, benchini, chumbani mwa daktari.
Nilimweleza yote. Hakunicheka! Akavuta kiti karibu. Haya, apulize.
Mbeyu akatazama huku na huku. Apulize nini? Moto hauko. Nikambembeleza. Dresa akambembeleza. Kanuna, mikono nyuma. Hapulizi hewa tupu, yeye si mjinga! Nikaiona Kaloleni hiyoo, yaja.
Ndipo mavyaa akainuka. Nikasema basi, amchukua. La! Akamwinamia mjukuu wake: "Mwanangu, hebu mtazame baba wa watu alivyo mwekundu. Afa kwa hari! Mpoze."
Dresa akakohoa, akatazama dari.
Mbeyu akamwonea huruma mzungu. Akapanda kitini, akampuliza usoni. Puliza, puliza! Nywele za daktari zapepea, naye katulia tuli. Mbeyu akaita: "Bibi, huyu —"
Kimya. Kope.
Walikuwa uso kwa uso. Ameona! Ameona kwa macho yake! Leo nimefurahi mwanangu kuondoka, Mungu anisamehe.
"— hajapoa bado," akamaliza Mbeyu.
Nikacheka na machozi yakaja pamoja. Daktari kasema jambo hili lina jina. Kalitaja, refu, sikulishika. Lakini lina jina! Wako watoto wengine walio hivi, na baadhi yao hukua wakaliacha. Dawa ipo, ila hajui kama Mombasa imefika. Mavyaa aliuliza neno moja tu: sindano?
Vidonge, mama.
Mavyaa akakaa.
Sasa daktari katoka mbio kuwaita wenziwe nao waone. Nasikia viatu. Hao, waingia — wawili, warefu, wekundu kumshinda yule wa kwanza. Mavyaa kafunika mdomo kwa leso, mabega yamtikisika. Mbeyu kesha kupanda kitini, ajaza mashavu —