Samaki wa Kutangulizwa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako mzima, magoti tu yanamnunia, na ng'ombe wetu hapa Kikwe kazaa dume, jeuri kama wewe.

Unauliza huko Dar uanze na samaki gani kwenye tangi lako la maji ya chumvi. Umemuuliza bingwa. Darasa la saba lilinishinda, lakini biashara huria ilipoingia, fundi wa samaki wa bahari Arusha hii nilikuwa mimi, nyumbani kwa tajiri mmoja pale Themi.

Tulianza na samaki mdogo wa bluu, sugu kweli. Maji mapya humchoma samaki; yeye akayavumilia, kinyesi chake kikayakomaza mpaka yakatulia. Ndipo tajiri akaleta wale warembo wa bei. Wa bluu akawafukuza wasisogelee pango lake.

"Mtoe huyo, ana nongwa," tajiri akasema.

"Bosi, si ndiye aliyetutengenezea maji?"

"Ndiyo. Na yameshatengenea."

Akamchota mwenyewe kwa wavu, akamrushia paka.

Anza na huyo wa bluu, hafi upesi. Ila kabla hujamnunua, mama, amua kama utamtaka hata maji yakishakuwa mazuri.

Babu yako, bingwa asiye na cheti.