Neno la Siri Nililokunyang'anya

Mpendwa Yaya,

Nimeianza barua hii mara tatu na kuifuta mara tatu, kwa sababu kila ninapofika mahali pa kukuomba msamaha ninajiuliza ni nani mwingine atakayeisoma. Vita vimenifanya hivyo. Hata simu ikilia ofisini sisemi jina langu mpaka anayepiga aseme lake kwanza. Lakini nilikushtaki mbele ya watu, na sioni kwa nini nikutake radhi mafichoni. Naiweka hapa kwenye tovuti yetu, aisome anayetaka.

Unakumbuka tulivyoanza? Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, nchi imekatwa vipande, na barua iliyotoka Bukavu haikufika Kinshasa. Watu walikuwa wamekimbia Mumosho, wamekimbia vijiji vya Kabare, baba huku, watoto kule. Sisi wa ofisi ndogo ya parokia tuliandika majina yao: nani yuko hai, nani anamtafuta nani. Binamu yetu wa Ubelgiji akatufungulia nafasi kwenye seva ya huko ili orodha zisomwe popote pale, akaniachia mimi usimamizi wake. Wewe, mwalimu wa sekondari, kaka yangu mkubwa niliyekuita Yaya tangu utotoni, ulijitolea kunisaidia kwa sababu uliona macho yangu yamekuwa mekundu.

Siku ya kwanza kwenye ile cyber, duka la intaneti, tulikalia kiti kimoja, kila mtu nusu yake, kwa kuwa viti vingine vilikuwa vimejaa. Nilikufungulia njia yako mwenyewe ya FTP, ile ya kusafirisha mafaili kutoka kompyuta yetu mpaka kwenye seva: jina lako la kuingilia, neno lako la siri, na folda moja tu uliyoruhusiwa kugusa, ya orodha zinazosomwa na wote. Ulicheka ukatikisa kichwa.

"Njo kusema mashine iko Ulaya, na miye niko natia mukono ndani kutoka hapa Bukavu?"

"Ndiyo, Yaya. Lakini mukono yako inafika mu chumba moja tu."

Umeme ulikatika orodha ya Mumosho ikiwa nusu njiani. Tukangoja, ukarudi, tukaanza upya, ukakatika tena. Ulikuwa unalitazama jina la mwisho tuliloona kabla kioo cha kompyuta hakijazimika, ukasema polepole, "Maskini huyu maman, tunamupoteza mara ya pili." Nilicheka wakati ule. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Baadaye uliomba nikufungulie folda ya pili. Humo mlikuwa na fomu zenyewe tulizowajazia wakimbizi, na fomu zilisema kila kitu: mtu amejificha kwa nani, nyumba iko wapi. Ulitaka kulinganisha majina, kwa kuwa tulikuwa tukiyaandika ovyo, herufi moja ya Mashi, lugha yetu ya nyumbani, hapa, nyingine ya Kifaransa pale. "Mutu akiandikwa vibaya, mama yake hatamupata," uliniambia. Nikakufungulia. Tangu siku hiyo, Yaya, nilianza kukuangalia kwa jicho la pembeni, na ulikuwa hujakosa lolote. Inatosha kumpa mtu ufunguo ili uanze kumwogopa.

Halafu askari wakafika Mudaka, kule Kabare. Walikwenda moja kwa moja mpaka nyumba aliyojificha Maman Faida, mwanamke wa Mumosho aliyekuwa ameona mambo ambayo hawakutaka ayasimulie. Hawakuuliza njia kwa mtu yeyote. Yeye aliwahi kutoroka kupitia migombani, lakini shemeji yake walimchukua, na aliporudi wiki kadhaa baadaye mkono wake wa kulia haukuweza tena kushika jembe. Nyumba ile ilijulikana na familia yao na fomu yetu. Basi.

Nilifungua rejista ya seva, ile inayoandika nani ameingia, saa ngapi, na amegusa nini. Jina lako lilikuwa pale. Alhamisi, saa nne asubuhi, fomu zote zilichukuliwa, moja baada ya nyingine.

Sikukuuliza mara moja. Kwanza nilikwenda shuleni kwako kama mtu anayepita tu, nikaambiwa Alhamisi ile hukufundisha. Nikakumbuka kwamba wiki iliyotangulia nilikuona mtaani Nguba umesimama na mwanajeshi, mnacheka. Kila nilichokumbuka kilikuja kujipanga chenyewe juu ya kingine, kama matofali. Nilihesabu hata mara ulizoniambia nitangulie nyumbani.

Kisha nilikuita ofisini, wenzangu wote wakiwa wameketi. Nilikuwekea karatasi mezani.

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

Uliisoma yote mpaka chini. "Nilikuwa na kazi yangu."

"Kazi gani? Shule banasema hawakukuona."

"Ulienda kuuliza ku masomo? Kabla ya kuniuliza miye?"

"Yaya, nijibu tu. Na ule musoda wa Nguba?"

"Nilimufundishaka huyo. Alinisalimia, nikamusalimia." Ulivua miwani ukaifuta kwa shati. "Haiko miye, mudogo wangu. Mambo ya Alhamisi siwezi kusema. Lakini haiko miye."

Mkubwa wa ofisi alitazama dirishani. Hakuna aliyekutetea, na mimi ambaye nilipaswa kuwa wa kwanza niligeukia kompyuta nikalifuta jina lako mbele ya macho yako. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Uliweka kiti mahali pake, ukawaaga watu mmoja mmoja kwa adabu, na mimi pia ukaniaga. Jumapili hukuja misani. Jumatatu chumba chako kilikuwa kitupu.

Maman, mama yetu, aliniuliza nilikufanya nini. Nilimwambia wewe ndiye uliyefanya. Aliendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, bila kuniangalia, na kwa siku nyingi aliongea nami maneno ya lazima tu.

Katika koti ulilosahau nyuma ya mlango nilikuta kadi ya hospitali ya Katana. Tarehe yake ilikuwa ya Alhamisi ile. Kifua. Wewe uliyekuwa ukikohoa ukisema ni vumbi la chaki, ulikwenda kupimwa mbali ili tusijue. Hata hapo, naona aibu kuandika, sikuamini mara moja. Niliigeuza kadi juani nikitafuta kama tarehe imefutwa na kuandikwa upya.

Ndipo nilipokwenda cyber na kukaa kwenye mashine ileile ya siku ya kwanza. Nilifungua programu ya FTP. Kabla sijagusa herufi, jina lako lilikuwa limeshaandikwa, na chini yake nukta nyeusi za neno la siri, tayari. Palikuwa na alama ndogo kwenye kisanduku kinachoiambia mashine ikumbuke. Alama ile niliiweka mimi, Yaya, siku tuliyokalia kiti kimoja, ili usihangaike kuandika kila mara. Yeyote aliyekaa pale aliweza kubonyeza mara moja na kuwa wewe.

Ni nani aliyebonyeza? Sijui hadi leo. Nilimtazama mwenye cyber, nilimtazama padri aliyekuwa akiandika barua pembeni, nilimtazama mwanamke aliyekuwa akipanga foleni. Niliwashuku wote kwa pamoja. Niliifuta ile programu, nikaondoka bila kuaga, nikaenda kuwaambia wenzangu kosa lilikuwa la nani. Wao walinisamehe haraka mno. Sikupenda.

Nilikutafuta. Katana waliniambia ulikwishamaliza dawa na kuondoka. Baada ya hapo barabara zilifungwa, vita vikahama na kurudi, na jina lako likawa moja ya yale yanayosomwa misani kuwaombea waliopotea.

Kisha mwezi uliopita, asubuhi, rejista ilionyesha mtu amejaribu kuingia kwa jina lako la zamani. Mara tatu. Mara tatu seva ilimkataa. Moyo ulinipasuka kwa furaha, na papo hapo nikafunga mlango wa ofisi kwa komeo. Kama si wewe? Kama ni yule wa Alhamisi, amerudi kuona kama bado tu wajinga?

Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Halafu nikatengeneza njia mpya kwa jina lako, ikielekea kwenye folda tupu iliyotengwa na nyingine zote, hata mwizi akiingia asikute kitu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti nikaandika mstari mmoja: "Yaya, neno la siri ni jina la mbuzi wetu wa Mudaka, yule aliyekula daftari la katekisimu." Hapa duniani tunaolijua ni wewe, mimi na Maman. Sitaliandika hapa pia.

Siku ya tisa nilikuta faili ndani. Hapakuwa na salamu wala lawama. Ilikuwa orodha ya watu waliokimbia, kwa uandishi wako, kila herufi ya Mashi mahali pake. Mwisho wa kila mstari uliongeza jambo ambalo mimi, na tovuti yangu, na folda zangu zenye kufuli, sikuwahi kulifikiria. "Nimemuuliza, amekubali." "Nimemuuliza, amekubali, ila kijiji kisitajwe." Na katikati, mistari isiyo na jina kabisa: "Maman mmoja. Amekataa." "Muzee mmoja. Amekataa."

Nililia nikiwa nimeziba mdomo, watu wa chumba cha pili wasisikie. Kisha niliziondoa orodha zote za zamani kwenye tovuti. Sasa tunazunguka kwa miguu, Nyawera, Panzi, Mumosho, tukiwauliza watu mmoja mmoja kile ambacho tulipaswa kuwauliza mwanzoni. Shemeji wa Maman Faida alikuwa wa kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hataki. Nikamshukuru.

Ninadhani najua uliko, maana majina yale ni ya upande mmoja. Sitautaja. Maman anataka nije nikuchukue, lakini nimemwambia nitakuja ukiniita, si kabla. Kuna mengi ningependa watu wajue juu yako: shule uliyofundisha, jinsi ulivyofuta miwani siku ile. Lakini jina lako, Yaya, sijaliandika popote katika barua hii, kwa sababu sijakuuliza.

Nakuuliza sasa. Ukikataa, nitaelewa.

Mdogo wako