Dada, Karatasi ya Rehema Inataka Saini Yangu

Mpendwa dada yangu Somoe,

Usishtuke. Najua mimi nikikutafuta huwa nimeharibu kitu. Safari hii hakuna aliyekufa, hakuna aliyefungwa, na shamba letu la Ruponda halijauzwa. Kaburi lako nimelipalilia baada ya mvua, huu mwaka wa tatu. Ila majani ya huko yana kiburi kama wewe, ukiyang'oa leo kesho yanakusalimia.

Nakuandikia kwa sababu ya karatasi. Tangu Jumatatu ilikuwa imelala juu ya mzigo wangu wa viatu vya mtumba, inanitazama. Ilikuwa ya mwanao Rehema. Inasema mzazi au mlezi aweke saini, mtoto aende Mtwara miezi mitatu kusomea kompyuta, ile ya ndani kabisa, ya kuiandikia maneno yenyewe ikafanya kazi. Mwisho Ijumaa. Nikampigia baba yake kule Narung'ombe, akanijibu, "Shemeji, huyo mtoto ni wa wajomba zake," akakata simu. Huyu mila zetu huwa hazikumbuki mpaka itokee kazi. Na wajomba wenyewe si ndo mimi peke yangu? Nikabaki na kalamu.

Ngoja nikueleze kwa nini sikuamini.

Mwalimu anaitwa Madamu Leila, binti wa huko Nanganga, kasoma Dar karudi. Amekodi chumba hapa Ruangwa nyuma ya mashine ya kukoboa, kaweka laptopu kumi na mbili, anafundisha wasichana waliomaliza fomu foo. Bure. Dada, mimi na neno bure tumeishi nyumba moja. Mimi ndo naita mnadani, "Soksi bure ukinunua raba!" na soksi yenyewe ni moja. Mtu akiniambia bure, naangalia kwanza mlango wa kutokea uko wapi.

Halafu madirisha yana mapazia meusi. Nikamuuliza Rehema, meusi ya nini? Akasema jua likiingia kioo hakionekani. Sawa. Wanaume hawaingii. Kwa nini? Akasema wasichana wakiwa peke yao wanauliza bila aibu. Sawa. Halafu akirudi nikimuuliza leo mmefundishwa nini, anacheka, anasema, "Mjomba, nikikueleza hutaelewa."

Hapo ndo nikasema ahaa! Chumba cha giza, wasichana peke yao, mwanaume haingii, na ukiuliza huambiwi. Hiyo naijua. Huo ni unyago. Mtu katuwekea unyago wa laptopu nyuma ya mashine, wanafunda watoto wetu, na sisi wajomba hatukuombwa ruhusa!

Na unyago mwanaume haukagui. Hii ilikuwa kabla ya karatasi. Nikaenda kwa Bi Fatu, nyakanga aliyekufunda wewe, akamfunda na Rehema. Nikampelekea jogoo kama desturi, maana nyakanga haitwi kwa mdomo mtupu. Nikamwambia ingia mle, angalia mwali wetu anafundwa nini, uje uniambie. Akajifunga kanga zake akaingia saa tatu. Akatoka adhuhuri. Mimi muda wote niko kwenye benchi la mashine, pumba zimenijaa kichwani kama nimezeeka ghafla.

"Haya bibi, wanafundishwa nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Bibi, si mimi ndo niliyekutuma?"

"Umenituma kama nyakanga au kama mbea? Nilichoonyeshwa mle ni cha waliomo mle. We mwanaume, nenda kauze viatu."

"Na jogoo wangu?"

"Nimempa mwalimu. Anafundisha vizuri, hapigi kelele."

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Tangu siku hiyo Bi Fatu anaenda kila Jumatano, ana kiti chake cha mbele, na ukimsalimia anakuangalia kama anayekuonea huruma.

Rehema alivyosikia nimemtuma nyakanga alinuna siku nzima. "Mjomba unazingua," akasema, "njoo nikuonyeshe, upumzike." Akaniwekea simu mbele. Ameandika programu ya wakulima wa korosho. Inakuuliza, mkorosho umetoa maua? Unajibu ndiyo au hapana, inakwambia kama ni wakati wa kupulizia salfa. Mimi nikajibu kama mkulima anavyojibu, nikaandika "bado kidogo". Ikauliza tena. Nikaandika "upande wa juu umetoa, wa chini bado". Ikauliza tena. Nikaandika "we nani mpaka unaniuliza". Ikauliza tena! Dada, hata polisi huwa wanachoka.

"Inaelewa maneno mawili tu," Rehema akasema, sauti imepungua. Akakaa akiitazama. "Kweli, hakuna mkulima anayejibu ndiyo au hapana tu." Akachukua daftari akaandika majibu yangu yote, mpaka la kuuliza we nani. Alivyoinamia daftari nilikuona wewe, ulimi umebanwa na meno. Nikatoka nje nikasingizia moshi.

Maana we unajua wasiwasi wangu haukuanzia kwenye mapazia.

Unamkumbuka yule bwana wa Nachingwea? Chumba chake kilikuwa jirani na stendi, kaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba anafundisha kompyuta. Mlikuwa wanafunzi kumi na tisa, na kompyuta moja mezani imefunikwa kitambaa, akasema inasubiri kifaa kutoka Dar. Akawagawia kila mmoja kipande cha boksi kilichochorwa herufi. Fanyeni mazoezi ya vidole, akasema, mashine zikija msizishike kishamba. Uliuza ufuta wako wote wa mwaka ule ukalipa ada. Mimi nilikuwa nakupeleka kwa baiskeli kutoka Ruponda, wewe nyuma, boksi lako umelivisha nailoni lisilowe umande.

Ulikuwa unapiga vidole kila mahali, kwenye mkeka, kwenye gunia, kwenye sufuria mpaka mama anakufukuza jikoni. Nilipougua malaria ile mbaya ulikaa nyuma yangu ukawa unaniandikia mgongoni. "Nimeandika nini?" Nikasema, "Umeandika una njaa." Ukanipiga kibao. "Nimeandika pona haraka, mjinga wewe." Mpaka leo sijui kama uliandika hivyo kweli au ulinibembeleza tu. Lakini nilipona.

Mwezi wa pili wa masomo tukafika asubuhi, mlango wazi, bwana hayupo. Wenzako wakavuta kile kitambaa. Chini yake kulikuwa na boksi tupu la televisheni limewekewa tofali lisipeperuke. Watu walitukana, wengine walilia. Wewe ulipanda nyuma ya baiskeli, na njia nzima mpaka Ruponda vidole vyako vilikuwa vimetulia mgongoni kwangu. Sijawahi kubeba kitu kizito kama vile vidole. Mwaka uliofuata ukaolewa Narung'ombe, na neno kompyuta hukulitaja tena.

Sasa kuna kitu sijawahi kukwambia. Kila siku nilikuwa najiambia nitakisema kesho, mpaka ukaondoka.

Wanafunzi kumi na tisa wale, saba niliwaleta mimi. Wa kwanza wewe. Yule bwana alinikuta stendi nabeba mizigo, akaniambia, "Dogo una mdomo, niletee watu nitakupa shati." Sikujua kama ni tapeli, wallahi. Lakini wiki tatu kabla hajakimbia nilibaki mle chumbani peke yangu, nikafunua kitambaa pembeni kidogo, nikaliona lile tofali. Nikafunika. Nikajiambia labda kompyuta ya kweli iko njiani. Wiki tatu zile, dada, niliendelea kukupeleka kila asubuhi huku nimevaa shati la yule mtu, na wewe nyuma unafanya mazoezi.

Ndo maana nilipoiona hii karatasi ya Rehema nilikosa usingizi. Juzi nikaamua kumpima Madamu Leila kwa kipimo changu mwenyewe, cha watu wa mdomo. Nikamsubiri nje.

"Madamu, mimi mji huu wote wananijua. Nikuletee wasichana ishirini, utanipa nini?"

"Sikupi kitu, mjomba. Nafasi zimejaa."

"Waweke wawili wawili."

"Wakikaa wawili, mmoja anaandika mwingine anatazama. Sitaki."

"Basi waandikishe majina, wasubiri."

"Wasubiri nini? Nikipata mashine nitakwambia uniletee. Sasa hivi sina, sitaki kumdanganya mtoto wa mtu." Akanitazama. "We si mjomba wa Rehema? Chukua namba ya matroni wa Mtwara. Kama una wasiwasi nenda ukalione bweni kabla hujasaini."

Nilirudi nimekasirika, kama mtu aliyevizia mwizi akamkamata mwenye nyumba. Tapeli hakatai watu, dada. Tapeli watu anawakalisha hata juu ya ndoo. Bado sikuridhika. Nikampigia matroni mara tatu kwa sauti tatu tofauti, ya tatu nikajifanya sheikh. Akanijibu yaleyale mara zote, halafu akasema, "Na wewe baba, hicho kikohozi ni kilekile, nenda hospitali."

Jana nikamkalisha Rehema nikamweleza yote. Shati, tofali, wiki tatu. Nilianza na utani, ukanikatikia njiani. Alikuwa anaandika kwenye simu, akaiweka chini.

"Mama alijua?"

"Hakujua."

Kuku wakaingia ndani wakatoka, hakuna aliyewafukuza. Halafu akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii unamtafuta tapeli, kumbe unamnyoa ndevu kila Ijumaa."

Nikataka kucheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Umenikasirikia?"

"Nimekasirika sana. Saini."

Nikasaini. Jina likatoka kama njia ya mbuzi. Akaikagua, akaikunja, akaondoka nayo kwenda kwa mwalimu wake bila kuaga.

Dada, usidhani nimeamini. Jumapili napanda basi na Rehema na wenzake mpaka Mtwara, na viatu vyangu nitavipanga nje ya geti la hilo bweni wiki nzima, niwaone wanaoingia na wanaotoka. Nimegundua kwamba Madamu Leila simwogopi tena sana. Ninayemwogopa ni mimi, nisije nikaona kitu nikakifunika tena. Nimemwambia Rehema, mjomba wako akianza kunyamaza, jua kuna jambo, nikabe mpaka niseme.

Wewe hukupata nafasi ya kunikasirikia. Nilikunyima na hiyo. Basi mwanao anakufanyia kazi hiyo, na anaifanya barabara. Leo asubuhi ameniletea chai haina sukari hata chembe, na kopo la sukari ameondoka nalo. Nimeinywa yote mpaka majani ya chini.

Mungu akupanulie hapo ulipolala, dada yangu. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
mjomba wa Rehema