Daktari kwenye Shamba la Parokia

Neema mdogo wangu,

Upepo wa Sumbawanga unaingia hadi mifupani, na mgongo umechoka kupakia mahindi ya hawa matajiri wapya wenye malori. Lakini nimeandika kwa sababu mama kaniletea habari: umerudi nyumbani, hulali, husali, na chuo cha udaktari hukitaki tena.

Jumamosi tulilima shamba la parokia. Wafipa, wenyeji wa huku, hufukia majani ndani ya matuta ya duara, wanayaita ntumba. Katikati ya akina mama wa kwaya alikuwapo kijana mmoja, mwanafunzi wa udaktari aliyekuja kwa mafunzo hospitali ya hapa, anahema kama ng'ombe wa plau.

"Daktari, tuta lako limelala kama mgonjwa!" mama mmoja akamtania.

"Basi liombee, mama," akajibu, wote wakacheka.

Nilimuuliza kwa nini anajichosha wakati mitihani imekaribia. Akasema, "Kaka, mwaka jana nilikesha na vitabu mpaka usingizi ukanikimbia kabisa. Sasa jioni nalima au nakimbia, kisha naimba na hawa akina mama. Mitihani ni ileile, ila nalala."

Neema, rudi chuoni, ila usirudi kwenye maisha yale ya kukesha na vitabu. Jioni funga kitabu, utembee hadi utoke jasho. Jumapili nenda kanisani, hata kama huna la kumwambia Mungu. Kaa tu karibu naye, mpaka mzoeane tena.

Msalimie mama, mle mshibe.

Kaka yako akupendaye,
Yusto