Sukuma Wiki ya Maji ya Kuoga

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Bwana Athuman, mtaalamu wa maji, kapita. Ukaguzi ni Ijumaa tarehe 22! Tanki la mradi wa serikali tulipewa kwa masharti: maji ya bafuni yachujwe kwenye shimo la mkaa na mchanga, yamwagilie sukuma wiki. Kumwagilia maji ya tanki moja kwa moja, marufuku. Bustani ikifa, tanki linahamia kijiji cha Morotonga. Weee! Mimi nirudi mtoni na ndoo kichwani? Sirudi.

Jumanne, 12 Agosti
Baba mkwe (jina lake siandiki hata humu, mila ni mila) kala sukuma sahani mbili. Ndipo Nikodemo, mume wangu, mdomo haumkai, akamweleza maji yanatoka wapi. Mzee katema. Maji yaliyopita mwilini mwa mke wa mwanawe—ayale kwenye mboga? Nimeona haya mpaka miguuni.

Jumamosi, 16 Agosti
Sasa naoga kwa jirani, Boke. Anacheka tu, anasema nije na sabuni yangu. Heshima imepona, sukuma inakufa: Nikodemo naye huoga mtoni, bafu limekauka. Majani yamelala kama masikio ya mbuzi.

Jumatatu, 18 Agosti
Kioja! Mzee, muogaji wa mtoni miaka yote, kaingia bafuni. Asubuhi. Mchana tena. Jioni tena—anaimba! Nikodemo kamuuliza kama anaumwa. Kajibu, “Tanki haliendi Morotonga nikiwa hai.” Aisee, huyu mzee nampenda, basi tu.

Alhamisi, 21 Agosti
Sukuma imefufuka. Mzee kachuma mwenyewe, kala, kasema maji ya mwenye boma hayana neno.

Ijumaa, 22 Agosti
Wakaguzi wamekuja, na mpiga picha juu. Mzee kala mbele yao, kasifiwa, kavimba kichwa. Kisha Bwana Athuman kanisogezea sahani: “Mama mwenye bustani, na wewe onja.”

Maji ya mwili wa baba mkwe! Mila haina upande mmoja. Mzee naye kaelewa hapo hapo, kashusha kofia mpaka puani.

Nimesema naenda kunawa. Niko chumbani, naandika. Tanki nalitaka, jamani! Namsikia mzee huko nje akinitetea: eti mimi sukuma silagi, inanisokota tumbo. Bwana Athuman anauliza, sasa hii bustani ni ya nani?



Nikodemo anagonga, wageni wanasubiri. Nimemwambia nakuja. Mlango sijaufungua.